Sista Hakimbii

Mpira wa tenisi uliingia ndani ya kiboksi cha upande wa pili, ukachepuka vizuri kabisa, na Kocha akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya nguzo ya wavu: "Kim-bia!"

Mkewe, aliyeupiga mpira huo, akaanza kwenda mbele. Alikwenda haraka, hilo asinyimwe, mgongo umenyooka na viwiko vimebana mbavu, kama mtu anayepeleka trei ya sindano kitanda cha mwisho. Alipofika katikati ya uwanja mpira ulikuwa umesharudi, umempita kiunoni, umekwenda kugonga uzio.

"Ume... tembea," Kocha akasema.

"Nimekwenda haraka."

"Ume-tembea."

Upande wa pili wa wavu, Dada Posta, karani wa posta aliyekubali kuwarudishia mipira kila jioni baada ya kazi, aliinama akajifanya anakaza kamba za viatu. Huyo dada ana adabu zake. Wengine pale klabuni hawana.

Tueleze habari za huyu mke wa Kocha basi, maana watu wamekwisha kuzieleza sana, na kila mmoja ametia chumvi yake. Ni Sista, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, mwaka wa ishirini na nane sasa. Siku yake ya kwanza kuvaa sare, akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, metroni aliwapanga wote ukutani akawaambia kwamba muuguzi hakimbii. Wagonjwa wakimwona muuguzi anakimbia wanajua kuna mtu anakufa, na kila mmoja anadhani ni yeye. Mambo mawili tu yana ruhusa ya kumkimbiza muuguzi, moto na damu inayoruka. Kwingine kote ni hatua ndefu, viatu visivyolia, na uso usiosema kitu. Msichana alilishika somo hilo likamkaa mwilini. Alipokuwa Sista akalifundisha vilevile, na mwanafunzi aliyethubutu kukimbia wodini kwake alirudishwa mlangoni akaanza upya, mbele ya wagonjwa, hata kama alikuwa anakimbilia simu.

Sasa, miezi minane iliyopita, saa nane na nusu mchana, Sista alitoka zamu ya asubuhi akapitia klabuni kumchukua mumewe wakale. Kocha alikuwa peke yake uwanja namba tatu, ule wa mwisho, na kikapu chake cha mipira, akifanya mazoezi ya kuanzisha. Sista akiwa langoni alimwona anarusha mpira juu, anaukosa, anakaa chini kama mtu aliyechoka, kisha analala. Na Sista akatembea. Kutoka langoni hadi uwanja namba tatu ni hatua mia moja na kumi. Amezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

Alipofika alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alimgeuza ubavu, akamsafisha mdomo, akatazama saa, akapaza sauti ile ile ya wodini kuelekea kwenye kantini: "Iteni gari la wagonjwa. Semeni ni kiharusi, kimeanza saa nane na dakika thelathini na mbili." Daktari alimsifu baadaye. Alisema dawa ya kiharusi hutolewa kwa kufuata saa, na wengi hufika pale hakuna anayejua mgonjwa ameanguka lini. Lakini Mama Kantini alikuwa ameona yote kutoka dirishani kwake, na Mama Kantini hamsimulii mtu habari za saa. Jioni ile klabu nzima ilijua kwamba mume anaanguka, mke anakwenda kwa madaha kama yuko kwenye maonyesho ya mavazi.

Maneno yalimfikia hata binti yao aliyeolewa mbali. Alikuja, akakaa na baba yake kutwa, kisha akamvuta mama yake kwenye korido ya hospitali.

"Mama, eti ulitembea?"

"Muuguzi hakimbii, mwanangu."

"Haya, Mama," binti akasema. Hakuuliza tena. Ila tangu siku hiyo akipiga simu nyumbani hupiga kwanza namba ya baba yake, ambaye wakati huo hata "halo" ilikuwa inamshinda.

Hayo ya binti yalimuuma Sista, lakini aliyabeba. Lililomla moyo lilikuwa lingine. Kocha mwenyewe hakusema kitu. Mwanzoni hakuweza, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia vimekufa ganzi. Maneno yalipoanza kurudi yalirudi bila mpango: chumvi, wavu, jina la binti yake, na tusi moja zito lililomfurahisha sana kaka yake. Lakini habari za siku ile, kimya. Na tena alikataa katakata kuogeshwa na mkewe. Mke ambaye ameogesha wanaume wa mji mzima! Kaka mtu ndiye aliyekuja kila asubuhi na taulo begani, na Sista akasimama jikoni akisikia maji yanamwagika nyuma ya mlango uliofungwa. Ukitaka kujua kama mtu anakulaumu, Sista alijiambia, tazama anamfungia nani mlango. Aliamini mumewe ana kinyongo naye, na kwamba siku maneno yatakapomtosha atakitoa. Akawa anaingoja siku hiyo.

Masomo ya tenisi yalitokana na mtaalamu wa kuongea, kijana mpole aliyekuja nyumbani mara mbili kwa wiki na kadi zake za picha. Kocha alizichukia zile kadi. Akionyeshwa picha ya ng'ombe alimtazama kijana kwa huruma. Mwishowe kijana akasalimu amri. "Mama," akasema, "tuache kumuuliza anataka chai au maji. Mpe kitu anachokijua kuliko sisi wote, akufundishe wewe. Atatafuta maneno mwenyewe."

Basi Sista akachukua raketi. Hakuwa mgeni kabisa. Jumamosi moja moja alikuwa akicheza na wake wa wanachama wengine, amesimama nyuma kabisa ya mstari wa nyuma, anarudisha mpira, anarudisha, anarudisha, mpaka mwenzake achoke au apate simu. Kocha aliuita mchezo huo wa kupanga foleni. Mchezo wake yeye ulikuwa sevu na voli, mchezo wa wazee siku hizi, vijana wote wanapenda kukaa nyuma na kutwanga. Katika sevu na voli unaanzisha mpira na hapo hapo unaufuata mbio mpaka wavuni, na jibu la mwenzako unalipiga hewani, kabla halijagusa ardhi. Huna pa kujificha. Ukikosea umekosea mbele ya macho ya watu, mita mbili kutoka kwenye uso wa mpinzani. Kocha alifundisha hivyo kwa miaka thelathini na hakupata wanafunzi zaidi ya watano walioweza.

"Rusha... mbele," alimwambia mkewe wiki ya kwanza. Ilimchukua muda mrefu kuipata "mbele", akapita kwanza kwenye "meza" na "mbegu". Maana yake ilikuwa mpira urushwe mbele ya mwili, ili ukiupiga uwe unaanguka ndani ya uwanja, na miguu ilazimike kukufuata. Kisha hatua tatu. Kisha, pale mwenzako anapovuta mkono kupiga, unaruka kidogo na kutua kwa miguu yote miwili, tayari kwa kulia au kushoto. "Tatu. Ruka. Ona. Piga." Maneno manne hayo, kijana wa kadi alipoyasikia yakitoka mfululizo, nusura amkumbatie.

Kuanzisha alijifunza kwa miezi miwili. Mikono ya muuguzi inajua kutii. Kule kuruka kulichukua mwezi, na kicheko kingi, maana alikuwa anaruka kama mtu aliyekanyaga chura. Lakini mbio zilikataa. Alianza na hatua ya kwanza ya kukimbia, ya pili ikawa ya kutembea, ya tatu ikawa ya wodini kabisa. Kocha alijaribu kila njia. Alimwambia avue viatu. Alimwambia afumbe macho. Siku moja alimwamuru Dada Posta aite "Moto!" na Sista akatembea vilevile, akiangaza macho kutafuta moto wenyewe.

"Kwa nini nisingoje kidogo?" akauliza siku hiyo, amechoka, amekasirika. "Nione kwanza mpira unarudi wapi, ndipo niende?"

Kocha alianza kutafuta maneno. Midomo yake ilikuwa inafanya kazi.

"Uki-ngoja uone," akasema, "ume-chelewa. Nenda. Uta-ona... huko huko."

Sista aliokota mipira. Neno "umechelewa" lilikuwa limemwingia kama sindano butu. Hapo ndipo alipopata uhakika, au alidhani amepata. Huyu bwana hanifundishi tenisi, alijisemea. Ananikimbiza. Kila jioni ananisimamisha pale pale alipoangukia, ananiambia kimbia, kimbia, ili nijue sikukimbia. Na kwa kuwa alijiona anastahili, aliendelea kwenda. Baada ya zamu alibadilisha sare kwenye choo cha wauguzi, akamsukuma mumewe barabarani hadi klabuni, akachukua adhabu yake saa nzima, akamrudisha. Wala hakulalamika kwa mtu. Lakini alikonda, na kule wodini akawa mkali mpaka wanafunzi wakaanza kumkwepa kwenye korido.

Jumamosi moja Dada Posta akapendekeza wacheze mechi ndogo, gemu saba, wa kwanza kufikisha nne ndiye mshindi. "Mazoezi tu yanachosha, Sista. Tucheze, hata Kocha apate cha kutazama." Kocha akatikisa kichwa kukubali, tena kwa furaha kama mtoto, na Sista hakuwa na moyo wa kukataa.

Walicheza. Dada Posta ana mkono mzuri lakini hana haraka, anarudisha barua kwa mwenyewe, kama wanavyosema pale klabuni. Sista alipoteza gemu mbili za kwanza kwa kutembea. Akapata ya tatu kwa kuanzisha vizuri, ya nne kwa bahati. Watu walianza kusogea. Mama Kantini alitoka na kiti chake akakaa kivulini, aproni bado imemning'inia shingoni. Zikafika gemu tatu kwa tatu, na Sista ndiye anayeanzisha ya mwisho, na Kocha alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake mpaka ukaona ataanguka.

Pointi ya mwisho, Sista alirusha mpira mbele. Ulikwenda mbele kuliko kawaida, mbele kupita kiasi, na ili aufikie ilibidi aangukie mle ndani mwili mzima. Aliupiga. Na miguu ikaondoka. Wala hakuiamuru. Moja, mbili, tatu, udongo mwekundu ukiruka nyuma ya visigino vyake, akaruka, akatua, akauona mpira unakuja kifuani upande wa kushoto, akauwekea raketi tu. Mpira ukaanguka nyuma ya wavu, ukadunda mara mbili kwa uvivu, ukatulia.

Watu wakapiga makofi. Dada Posta aliinua mikono yote miwili juu. Na Mama Kantini, bila ubaya wowote, amefurahi kwa kweli, akapiga paja lake akasema kwa sauti, "Alaa! Kumbe Sista anaweza kukimbia!"

Makofi yakafifia. Mtu mmoja akakohoa. Sista alisimama pale wavuni, raketi mkononi, anatazama miguu yake mwenyewe iliyojaa vumbi jekundu mpaka magotini. Kwa miezi minane alikuwa amejiegemeza kwenye neno la metroni. Mwili umezoea, alisema. Mwili haujui kukimbia. Na sasa mwili ulikuwa umekimbia mbele ya watu wote, kwa ajili ya pointi ya mechi ya Jumamosi.

Dada Posta ndiye aliyeokoa jahazi. Alimshika Mama Kantini mkono akamwambia ana kiu ya kufa, akaondoka naye, na wengine wakafuata shingo upande. Sista akatembea mpaka kwenye kiti cha mumewe akakaa chini, juu ya udongo, ameegemea gurudumu. Hakuweza kumtazama.

"Nina jambo," akasema. "Uninyamazie mpaka nimalize."

Kocha akanyamaza. Hilo siku hizi aliliweza.

"Mimi nimewaambia watu muuguzi hakimbii. Nimemwambia daktari, nimemwambia mtoto wetu. Si kweli. Yaani ni kweli, lakini siyo sababu iliyonitembeza. Ningeweza kukimbia. Nilikuona umelala pale na nikajua, nimeona wengi, mtu akilala hivyo najua. Nikasema nikifika nitakuta umekufa. Na maadamu sijafika, bado hujafa. Basi nikaenda polepole." Sauti yake ya wodini ilikuwa imemtoka kabisa. "Niliogopa kufika. Ndiyo hivyo. Nilikuacha pale chini kwa sababu niliogopa kufika. Unikasirikie sasa, nimechoka kungoja. Kila siku unaniambia kimbia, kimbia, na mimi najua unachosema."

Kocha alikuwa anatafuta maneno. Sista alisikia pumzi yake, zile pumzi fupi za mtu anayepekua droo.

"Na-kwambia kimbia," akasema mwishowe, "kwa sababu... ndivyo... unavyo-chezwa."

Sista aliinua kichwa.

"Mchezo," Kocha akaongeza, amekunja uso, kama anayemweleza mwanafunzi mzito. "Ndivyo ulivyo. Basi."

"Hukunikasirikia?"

"Nili-kasirika." Akapumzika. "Si kwamba... umechelewa. Kwamba ume-fika."

Sista hakuelewa, na uso wake ulionyesha. Kocha akatazama pembeni, uwanjani, kule karibu na mstari wa nyuma. Shingo yake ilikuwa imewiva kwa aibu.

"Nili-jikojolea," akasema. "Pale. Nikakuona... langoni. Nikaomba... u-kawie. Nikaona unatembea, nika-shukuru. Sikutaka... u-nione."

Maneno hayo yote yalimchukua muda mrefu, na Sista alimngoja bila kumsaidia hata moja. Alikuwa anawaza ile milango ya asubuhi, kaka mtu na taulo lake, miezi minane ya maji yanayomwagika ng'ambo ya ukuta.

"Nilijua," akamwambia.

"Nini?"

"Nilikuona. Nilivua sweta la kazini nikakufunga kiunoni kabla sijamwita mtu yeyote. Kabla hata ya kutazama saa. Ulidhani nilikufunga la nini?"

Kocha akafikiri.

"Baridi," akasema.

"Saa nane mchana? Jua lile?"

Kicheko kilimtoka Kocha upande mmoja wa mdomo, kikakatika, na Sista naye akacheka, akapiga kwikwi, kisha akalia kwa sauti, ameweka paji la uso kwenye goti la mumewe, kama hakuwahi kulia tangu siku ile, na ukweli ni kwamba hakuwa amelia. Kocha alimpapasa kichwa kwa mkono wa kushoto.

Sista alipoinua uso aliona shavu la kulia la mumewe limelowa. Lilikuwa lile shavu lisilo na hisia, na machozi yalikuwa yanatiririka mpaka kidevuni, yanadondokea shati, na mwenyewe hana habari.

"Unalia," akamwambia taratibu.

"Silii."

"Unalia, mume wangu. Upande huu."

Kocha akainua mkono wa kushoto ajifute, ukafika nusu ya njia ukasita. Akaurudisha pajani, akamgeuzia mkewe shavu lile, akaacha afutwe.